Linux haina sauti? Historia ya mashini zenye kunyamaza



Mu Likasi kuko neno moja lenye linatembea sana kati ya wanafunzi: "Linux ni ya muzuri, lakini haina sauti." Nililisikia nikiwa mwaka wa kwanza wa iniversite, na nimelisikia tena mwezi uliopita kwa finalisti mmoja wa Kikula. Si uongo mtupu. Liko na sababu zake, na sababu zile ziko na majina na miaka. Leo ninataka kuandika historia ile, juu naona wenzetu wanapoteza feza, mara ingine wanapoteza mashini nzima, kwa kutokujua kwamba sauti mu Linux haikujengwa siku moja wala na mtu mmoja. Ilijengwa tabaka juu ya tabaka, kwa miaka zaidi ya 30, na tabaka za zamani nyingi zingali chini ya zile mpya. Ukijua lipi lilitangulia, unajua pia mahali pa kuanza kutafuta.

Mimi ni mtu wa agronomia, informatika si kazi yangu. Lakini agronome anajua mfereji. Ukikuta shu zimekauka mu bustani, haung'oi shu. Unafuata mfereji mpaka kwenye chemchemi, unaangalia kila mlango wa maji: huu umefunguliwa, ule umefungwa, hapa maji yamegeukia shamba la jirani. Sauti mu kompyuta (ordinatere, vile tunasemaka) inatembea namna ile ile. Inatoka kwa programu, inapita milango mitatu ao mine, njo inafika ku bafle. Mtu anaposema "karte son imekufa", mara nyingi ameangalia shu tu.

Na jambo lenyewe linatugusa. Wengi kati yetu tunafanya kazi na banamama wa mashamba, kule Panda na upande wa Kambove. Mama mwenye hakupata bahati ya kusoma, ukimpa karatasi yenye maandishi juu ya viwavi vya mahindi, ataitumia kwa kufungia karanga, na atakuwa na haki. Ukimpa sauti ku telefone yake, kwa luga yake, atasikiliza mara tatu na atamwita jirani. Viwavi vile viliingia Afrika mu 2016 kutoka Amerika, na mashamba ya Katanga yanavijua vizuri. Kompyuta yenye haiwezi kurekodi wala kusikilizisha, kwa kazi kama hii ni meza ya kuwekea chai.

Mji wetu una historia yake na kurekodi. Mwaka 1952, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, Hugh Tracey, Mwingereza mwenye alikuwa anaishi Afrika ya Kusini, alipita hapa na mashini yake ya kurekodi. Alimkuta kijana mmoja na gita, Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bayeke, na akarekodi wimbo wake "Masanga". Sahani ilitoka kwa Gallotone, na jina la Mwenda likatembea mpaka mbali na Katanga. Ninachotaka mkumbuke ni hiki: mikro, kable, mashini, basi. Njia yote ya sauti ilikuwa inaonekana kwa macho. Ikikatika, unashika kable na mkono mpaka unafika penye imekatika. Mu kompyuta njia ile iliingia mahali penye mkono haufiki.

Kompyuta za kwanza za IBM za 1981 hazikuwa na sauti ya kweli. Zilikuwa na kabafle kadogo ka kulia "pi" wakati wa kosa. Mu 1989 kampuni ya Singapore, Creative, ilitoa kadi ya Sound Blaster, na ikawa ndiyo kipimo: kila mtu mwenye alitengeneza mchezo ao programu ya muziki aliandika kwa ajili yake. Miaka miwili baadaye, mu 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, alitoa kiini cha Linux. Na mu 1992 Mfini mwenzake, Hannu Savolainen, aliandika piloti ya kuongea na Sound Blaster. Kazi ile ilikua, ikaitwa OSS.

OSS ilifuata mawazo ya zamani ya Unix, kwamba kila kitu ni faili. Kadi ya sauti ilikuwa faili moja, /dev/dsp. Ukiandika ndani yake, bafle inasema. Ukisoma ndani yake, unapata mikro. Napenda sana urahisi ule, mtoto wa sekondari angeuelewa kwa dakika tano. Lakini ilikuwa mlango wa mtu mmoja. Kwa kadi nyingi, programu ya kwanza yenye inaingia inafunga, na ya pili inabaki nje. Unasikiliza muziki, unafungua video, video inanyamaza. Ujumbe wenye Linux ya Kifaransa inatoaka mpaka leo katika hali ile ni "Périphérique ou ressource occupé". Weka maneno yale ku kichwa, juu yana maana moja wazi: kadi ni nzima, kuna mtu ndani. Amri ya `fuser -v /dev/snd/*` inakuonyesha jina la mwenye amefunga mlango.

Kulikuwa na shida ingine, ya feza. Savolainen alifanya kazi na kampuni ya 4Front Technologies, na OSS ya kamili zaidi ikawa ya kuuzwa, wakati ile ya bure ndani ya kiini cha Linux ilibaki nyuma. 4Front ilifungua tena kodi yake mu 2007. Ilikuwa imechelewa.

Juu mu 1998 Mcheki mmoja, Jaroslav Kysela, alikuwa amekwisha kuanza njia ingine. Yeye alikuwa na kadi ya Gravis UltraSound, na piloti zenye zilikuwepo hazikumtosha. Akaandika yake. Kazi ile ikawa ALSA. SUSE, kampuni ya Ujerumani, ikaiunga mkono, na wakati Linux 2.6 ilitoka tarehe 17 Desemba 2003, ALSA ndiyo ilikuwa njia rasmi ya sauti. Ingali mpaka leo. Kila kitu chenye nitasema chini kinasimama juu ya ALSA.

Sasa, lile neno "haina sauti". Asili yake kubwa, kwa maoni yangu, iko hapa. ALSA ilikuwa na desturi moja: kadi ikianza, njia zote za sauti zinakuwa zimefungwa. Sababu yake ilikuwa ya akili: usimpasulie mtu masikio wala bafle kwa kelele ya ghafula. Lakini mtu wa kawaida, mwenye ametoka Windows yenye inapiga ngoma ya kumkaribisha, anawasha Linux, anapandisha volimi, kimya. Anafunga mashini, anasema hii kitu haina sauti. Alihitaji kuandika `alsamixer` mu terminali, kuona herufi MM chini ya nguzo, na kubonyeza M ili zigeuke 00. Herufi moja! Siku hizi Linux nyingi zinafungua njia zenyewe wakati wa kuinstale, lakini MM hazijakufa. Unazikuta mu mashini yenye mtu alichezacheza mipangilio, na unazikuta sana upande wa mikro.

Halafu ikaja 2004, na Intel ikatoa mpango mpya wa sauti, HD Audio, wenye karibu kompyuta zote za okazyo za hapa kwetu zinautumia. Chukua ile mashini ya ofisi kutoka Ulaya, yenye imepita Kasumbalesa ndani ya kontena pamoja na mafriji, fungua, utakuta HD Audio na kachipi ka Realtek ao ka mwingine. Chipi ni moja, lakini iko na miguu mingi, na kila mtengenezaji anaunganisha miguu vile anapenda. Kwa huyu mguu fulani unaenda ku tundu la mbele, kwa yule unaenda nyuma. BIOS inapashwa kusema ukweli wa miunganisho ile mu jedwali, na mara ingine jedwali linasema uongo. Windows inapata piloti kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, mwenye anajua alifunga nini wapi. Watu wa Linux walibaki kukisia. Ni sawa kupokea mifuko ya mbegu bila etiketi: utajua ni mahindi ya namna gani yakishaota.

Hapa kuna mtu mwenye napenda jina lake lijulikane, Takashi Iwai wa SUSE. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walikuwa wanapokea malalamiko kutoka kila pembe ya dunia (mashini fulani, tundu la mbele halisemi) na kuandika, modeli kwa modeli, sahihisho la kila moja. Faili la Realtek, lenye kwa miaka mingi liliitwa patch_realtek.c, ni orodha ndefu kabisa ya makosa ya watu wengine. Hakuna utukufu mu kazi ya namna ile, na njo sababu mashini ya miaka kumi inaongea vizuri na Linux leo kuliko siku ilitoka mu karato. Kwa siye wenye tunanunuaka vya zamani, hii ni faida ya kweli: tunakuja wakati orodha imekwisha kuandikwa.

ALSA haikumaliza lakini ile shida ya mlango wa mtu mmoja. Watu wakaweka msimamizi ku mlango, programu yenye inapokea sauti za wote, inazichanganya, inapeleka moja tu ku kadi. Tunaiita serveri ya sauti. Shida ni kwamba kila ukoo uliweka msimamizi wake. Watu wa GNOME walikuwa na EsounD, watu wa KDE walikuwa na aRts ya Stefan Westerfeld, na wanamuziki walikuwa na JACK ya Paul Davis. Wasimamizi hawa wakawa wanagombania mlango ule ule mmoja.

Mu 2004 Mjerumani Lennart Poettering alianza serveri ingine, kwanza iliitwa Polypaudio, baadaye PulseAudio. Ilikuwa na mawazo mazuri: kila programu na volimi yake, unaweza kuhamisha wimbo kutoka bafle kwenda ekuteri bila kuusimamisha, unaweza kutuma sauti ku mashini ingine ya chumba cha pili. Fedora iliiweka mu Novemba 2007. Ubuntu ikaiweka mu toleo la 8.04, Aprili 2008.

Ubuntu 8.04 ilitembea sana. Kampuni ya Mark Shuttleworth, wa Afrika ya Kusini, ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta dunia nzima, mpaka 2011. (Jina lenyewe, ubuntu, Mluba hahitaji kutafsiriwa. Mu Kiluba tunasema bumuntu.) Kwa hiyo watu wengi walikutana na Linux kwa mara ya kwanza wakati ule ule PulseAudio ilikuwa ingali changa. Na ilikuwa changa kweli. Programu nyingi bado zilitaka kushika kadi moja kwa moja. Piloti nyingi za ALSA zilikuwa zinasema uongo juu ya saa zao, uongo wenye haukuonekana zamani juu hakuna mtu aliuliza. PulseAudio iliuliza, na sauti ikakatikakatika. Lawama zikamwangukia Poettering. Nadhani alionewa kwa sehemu. Mwenye kufungua maji kwa nguvu njo anaonekana kuvunja mfereji, kumbe nyufa zilikuwa pale. Lakini pia waliokimbiza programu changa ndani ya toleo la watu wote wanabeba sehemu yao.

Wakati ule ukazaliwa ushauri wenye ungali unatembea mpaka leo mu kaye za wanafunzi, umenakiliwa kutoka promosio hata promosio: "Toa PulseAudio, sauti itarudia." Mu 2008 ushauri ule uliweza kumsaidia mtu. Leo unaharibu, na nitasema kwa nini.

Juu kuna tabaka la mwisho. Wim Taymans, wa Red Hat, mmoja wa wale waliojenga GStreamer, alikuwa anatafuta njia salama ya kupitisha video kati ya programu. Mu 2017 kazi yake ilijulikana kwa jina la PipeWire, na haikuishia ku video. Ilichukua pia sauti, ya watu wa kawaida na ya wanamuziki, kazi ya PulseAudio na kazi ya JACK pamoja. Fedora 34 iliitumia kwa sauti mu Aprili 2021, Ubuntu 22.10 mu Oktoba 2022. Akili kubwa ya PipeWire ni kwamba haikulazimisha mtu kujifunza luga mpya: programu ikiongea Kipulseaudio, inajibu Kipulseaudio. Ukiandika `pactl info` mu Ubuntu ya leo, utaona serveri inajitambulisha kama PulseAudio, halafu pembeni inasema iko juu ya PipeWire. Ni kama mtoto mwenye anajibu telefone kwa jina la baba yake. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye anafuata kaye ya zamani, anatoa "PulseAudio", anainstale tena "PulseAudio" ya kweli, anajikuta na wasimamizi wawili ku mlango mmoja. Tumerudi 2003.

Sasa nirudi kwa yule finalisti wa Kikula, juu mashini yake ilikuwa kitabu kizima cha historia hii. Ni kompyuta ya meza ya okazyo, ya karibu 2014, na Ubuntu ndani. Anatayarisha mafundisho ya sauti kwa banamama, juu ya viwavi. Sauti hakuna. Fundi mmoja wa mjini alimwambia karte son imekufa, alete dola 25. Dola 25, kwa mwanafunzi, unajua ni kitu gani.

Tulifuata mfereji kutoka kwenye chemchemi. Kwanza, je, kiini cha Linux kinaona kadi? Tuliandika `aplay -l`. Zikaonekana mbili: carte 0, HDA Intel HDMI, na carte 1, HDA Intel PCH, na chipi ya Realtek. Pale pale tulijua chipi haijakufa, juu kadi yenye imekufa haijibu ikiitwa. Pia angalia mpango: HDMI ndiyo namba 0, ya kwanza. Mu kompyuta nyingi za miaka ile, sauti ya ekra ina kadi yake yenyewe, mbali na ile ya matundu ya ekuteri. Na ekra yake ilikuwa imeunganishwa kwa kable yenye inabeba picha na sauti pamoja. Ekra haina bafle. Sauti ilikuwa inaenda kwa uaminifu wote, kila siku, ku ekra yenye haina kinywa.

"Kumbe ilikuwa inaimba muda wote?" aliniuliza. Ndiyo, ilikuwa inaimba. Maji yalikuwa mu shamba la jirani.

Tulifungua pavucontrol, ukurasa wa Configuration, tukazima ile ya HDMI, na kwa ya pili tukachagua "Duplex stéréo analogique". Bafle za nyuma zikasema. Tundu la mbele lilikuwa lingali kimya, tukashuka mpaka `alsamixer`, F6 kwa kuchagua kadi, na pale ikaonekana MM ya zamani, urithi wa 1998, chini ya Headphone. M moja. Kulikuwa pia na ile "Auto-Mute Mode". Hii inazima bafle wakati ekuteri zimeingizwa. Ni nzuri, lakini mu mashini yenye tundu limechoka, ressort imelegea, kompyuta inaamini ekuteri ziko pale siku zote. Ya kwake haikuwa na shida ile, lakini mashini ya pili yenye niliangalia wiki ile, ya mwalimu mmoja, ilikuwa shida ile tu.

Kama `aplay -l` haionyeshi kadi hata moja, historia inakutuma mahali pengine kabisa. Ku mipangilio ya sauti utaona "Sortie factice". Maana yake serveri ya sauti, PulseAudio ao PipeWire, imetafuta kadi haikuiona, ikajitengenezea moja ya uongo ili programu zisianguke. Kuongeza volimi pale ni kazi bure. Shida iko chini, ku kiini ao ku programu ndogo ya ndani ya chipi. Kompyuta za mkononi nyingi za tangu karibu 2019 ziko hivi: Intel iliweka mu chipi kiprosesa chenye kinahitaji programu yake, Sound Open Firmware, yenye ilitangazwa mu 2018. Bila faili lile, kimya. Debian, kwa msimamo wake juu ya programu huru, haikuweka faili za namna ile mu CD yake rasmi ya kuinstale mpaka Debian 12, Juni 2023. Ninaheshimu msimamo ule, lakini Debian ya kabla ya pale mu mji wenye kila mega inanunuliwa ilikuwa adhabu: mashini haina sauti, na dawa yake iko ku intaneti. Pakiti inaitwa firmware-sof-signed. Mtu mwenye ana forfé aipakue, aiweke ku kle, na aipitishe kwa wenzake.

Na kama kadi inaonekana, MM zimetoka, njia ni ile ya kweli, lakini sauti inakatika ao inanyamaza baada ya kuran kurudi? Hapo ni msimamizi. Mu Ubuntu ya sasa, `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber` inamwamsha bila kuzima mashini. Si kila kitu kinahitaji kuinstale upya! Nimeona watu wakifuta mémoire yao ya mwisho wa mwaka kwa kuinstale upya, juu ya msimamizi mwenye alilala.

Jambo moja linanisumbua katika historia yote hii. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi ya Kilinux, na mu 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilionyesha kwamba luga yetu inaweza kukaa ku ekra bila haya. Lakini maarifa ya kutengeneza, yale ya usiku, ya "andika hii, angalia ile", yangali kwa Kiingereza na kidogo kwa Kifaransa. Yanafika kwetu vipandevipande, mu kaye, bila tarehe. Na ushauri bila tarehe ni sawa dawa ya mimea bila tarehe ya kuisha: unaweza kuunguza shamba. Ukiandikia mwenzako amri ya Linux, andika pia mwaka na toleo. Ni kitu kidogo.

Kwa finalisti wetu ilibaki mikro. F4 mu `alsamixer`, tukaona Capture imefungwa, na chanzo kilichochaguliwa kilikuwa mikro ya nyuma wakati yeye ameingiza ya mbele. Tukageuza kuwa Front Mic, tukapandisha boost kidogo (ukipandisha sana inaleta upepo), na `arecord` ikashika sauti yake.

Ile dola 25 alinunua nayo kadi za memori. Alirekodi mafundisho kwa Kiswahili, bibi yake akayasema kwa Kisanga, jirani akayasema kwa Kibemba: angalia ndani ya moyo wa muhindi asubuhi mapema, ukiona unga sawa wa mbao, kiwavi eko ndani, usingoje. Dakika nne kila moja. Juzi tuliyapeleka kwa mama mmoja wa Panda ayasikilize kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, telefone karibu na sikio, akaturudishia.

"Mwana, hiyi ya Kisanga iko muzuri. Ya Kiswahili unasema mbiyo sana, sawa mutu wa radio. Rudia."

Tutarekodi tena Jumamosi, kama kuran iko.